Baiskeli Bila Nguo Katikati ya Jiji: Mwongozo Kamili kwa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Karibu kila anayefikiria kujiunga na msafara wa baiskeli bila nguo huanza na swali la nguo: nivue nini, nivulie wapi, na watu watanionaje? Swali lina haki yake, ila hujibika lenyewe mapema, pale unapofika uwanjani ukakuta wenzako wa kila umri na kila umbo wanajaza tairi upepo na kupakana mafuta mgongoni. Kinachotaka maandalizi ya kweli ni uendeshaji wenyewe. Utakwenda taratibu mno, bega kwa bega na mamia au maelfu ya watu, na baina ya ngozi yako na lami hakuna hata uzi. Kwa hiyo mwongozo huu, ambao ni wa watu wazima, nimeuegemeza hapo: baiskeli, ngozi na mwenendo.

Msafara wenyewe unajulikana kwa jina la World Naked Bike Ride. Ulianzishwa na Conrad Schmidt, mwanaharakati wa Vancouver nchini Kanada, na siku yake ya kwanza ilikuwa 12 Juni 2004, katika miji 28 ya nchi 10. Kabla ya hapo, Zaragoza nchini Hispania, waendesha baiskeli walikuwa wameshaingia barabarani bila nguo tangu 2001 kudai nafasi yao mbele ya magari. Madai hayajabadilika sana: miji ipunguze kutegemea mafuta, na anayepanda baiskeli aweze kufika anakokwenda akiwa hai. Mwili mtupu katikati ya barabara kuu unalisema jambo hilo waziwazi. Mwendesha baiskeli hana bodi la chuma, hana mkanda wala mfuko wa hewa. Hata akiwa amevaa suti, gari likimgonga linagonga mwili. Siku hiyo moja ya mwaka, dereva analazimika kulitazama jambo hilo kwa macho yake.

Kauli ya msafara ni kwamba kila mtu avue kadiri anavyothubutu. Ukitaka kubaki na kaptura, baki nayo. Ukitaka kuvua shati tu, inatosha kabisa. Wapo wanaoanza wakiwa wamevaa nguo zote na kuzipunguza kadiri safari inavyosonga, na wapo wasiovua kitu hadi mwisho. Hakuna anayekagua.

Chagua jiji, kisha isome sheria yake

Miji ya kaskazini mwa dunia hufanya msafara huu zaidi mwezi Juni. London huufanya Jumamosi ya pili ya Juni, mchana. Miji ya kusini kama Melbourne na Cape Town huufanya Machi, joto likiwa bado lipo. Chicago hutoka usiku. Portland, jimbo la Oregon nchini Marekani, ambako msafara umewahi kukusanya watu wanaokadiriwa kufika 10,000, nao huanza jioni na kumalizika gizani, na tarehe yake imewahi kusogezwa hadi Julai na Agosti. Philadelphia ina msafara wake wa kujitegemea tangu 2009, karibu na mwisho wa majira ya joto. Tarehe ya mwaka jana isikudanganye. Thibitisha ya mwaka huu kwa waandaaji wenyewe, kwa sababu mahali pa kuanzia penyewe hutangazwa kwa kuchelewa katika baadhi ya miji ili pasifurike watazamaji na kamera kabla ya waendeshaji kufika.

Sheria nayo haifanani. Huko England na Wales, kuwa uchi hadharani kwenyewe si kosa. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2003 kinamshika anayeonyesha sehemu za siri kwa kusudi la kumtia mtu hofu au fadhaa. Sheria ya jimbo la Oregon nayo inaangalia kusudi la kuamsha ashiki. San Francisco ilipitisha katazo la uchi hadharani mwaka 2012, lakini likaacha mlango kwa matukio yenye kibali. Katika miji mingine matiti yanaruhusiwa na sehemu za siri lazima zifunikwe, na kwingine polisi huvumilia msafara ukiwa kundi lakini humkamata anayejitenga akatembea uchi peke yake mitaa miwili pembeni.

Waulize waandaaji mambo matatu. Nini lazima kifunikwe? Ruhusa inaanzia wapi na kuishia wapi? Je, kuna kibali, au msafara unategemea uvumilivu wa polisi? Jibu la swali la pili ndilo litakaloamua uvulie wapi. Na kama uko mahali ambapo sheria inakataza uchi moja kwa moja na hakuna msafara wenye makubaliano na jiji, usiwe wa kwanza kujaribu; tafuta jiji ambako msafara huo upo.

Baiskeli na ufundi wa kwenda polepole

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu hata mzoefu wa baiskeli hupata shida hapa. Njia huwa fupi, mara nyingi kati ya kilomita 8 na 16, lakini mwendo ni wa kunyata. Msafara husimama, hujivuta mita chache, husimama tena. Baiskeli inasimama wima kwa urahisi ikiwa kasini. Ikienda kama mtu atembeaye kwa miguu, huyumba. Ukiyumba umbali wa nusu mita kutoka kwa jirani, vishikio vya usukani hunasana na mnaanguka wote wawili, pamoja na wa nyuma yenu.

Wiki moja au mbili kabla, nenda kwenye eneo la wazi ufanye mazoezi. Weka gia nyepesi. Endelea kukanyaga pedali huku ukigusa breki ya nyuma kidogo, ili nguvu ya miguu na uzito wa breki vishindane na baiskeli itulie. Tazama mbali, mita kumi au kumi na tano mbele, wala usitazame gurudumu la mbele: macho yakishuka, usukani huyumba. Jaribu kumaliza mita ishirini kwa muda mrefu kadiri uwezavyo bila kutua mguu. Kisha fanya mazoezi ya kusimama na kuondoka kwa upole, mguu mmoja chini, pedali ya mguu mwingine ikiwa juu tayari kusukumwa. Ukiweza kugeuka nyuma kutazama begani bila baiskeli kuhama mstari, uko tayari.

Baiskeli ikaguliwe siku mbili kabla, usingoje asubuhi ya siku yenyewe. Breki zote mbili zishike. Tairi zijae upepo. Mnyororo ufutwe mafuta ya ziada, maana mara hii yatakwenda moja kwa moja kwenye shavu la mguu. Vifuniko vya plastiki kwenye ncha za usukani viwepo. Bomba lililo wazi linaweza kumkata mtu aliyeangukiwa, na asiye na nguo hana cha kumpunguzia jeraha. Mwisho wa waya wa breki uliofumuka ufungwe au ukatwe. Pitisha kiganja polepole kila mahali ambapo paja, goti na kinena vinaweza kugusa, na ukikutana na kitu chenye ncha, kitengeneze.

Kama utaendesha jioni, funga taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Kamba ndogo za taa za mapambo zinapendeza, lakini zisiwe karibu na spoki.

Tandiko linaulizwa sana. Lifunike kwa kitambaa cha pamba kilichokazwa vizuri. Taulo dogo lililofungwa chini kwa mpira linatosha, mradi ncha zake zisining'inie. Kazi yake ni tatu: usafi, kupunguza utelezi wa jasho na mafuta ya jua, na kuepuka joto, kwani tandiko jeusi lililoachwa juani linaunguza. Ukikodi baiskeli ya jiji, kifuniko si hiari: atakayeipanda baada yako anastahili heshima hiyo, na wewe hujui nani aliipanda kabla. Umbali ni mdogo, kwa hiyo michubuko si ya kutisha, ila paka mafuta mazito ya ngozi sehemu ambazo paja linasuguana na tandiko. Mwenye hedhi anaweza kutumia kikombe au kisodo cha ndani, au kuvaa tu kaptura. Hapo faraja yako ndiyo kanuni.

Ngozi ambayo haijawahi kuona jua

Makalio, kinena, chini ya matiti, sehemu ya juu ya mapaja: kwa watu wengi ngozi hii imeishi miaka yote ndani ya nguo. Huungua haraka, na kidonda cha jua mahali unapokalia utakikumbuka wiki nzima. Paka krimu ya kukinga jua yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi, nusu saa kabla ya kutoka, ukiwa nyumbani ambako unaweza kujitazama kwenye kioo bila haraka. Rudia kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi ukitoka jasho. Usisahau upande wa juu wa nyayo, nyuma ya magoti, masikio, na ukanda wa mgongo ambao mkono wako haufiki. Mwombe mtu unayemwamini. Ngozi nyeusi nayo huungua, hata kama inachukua muda mrefu zaidi kuonyesha.

Ukitumia krimu ya kupuliza, simama mbali na baiskeli. Mafuta yakirukia kwenye diski ya breki au ukingo wa gurudumu, breki hupoteza nguvu, na ukiwa katikati ya umati hiyo ndiyo ajali yenyewe. Kisha osha viganja kwa sabuni au uvifute vizuri kabla ya kushika usukani. Viganja vyenye krimu huteleza.

Rangi za mwili ni sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa zinageuza mgongo kuwa bango. Watu huandika madai yao pale: njia za baiskeli, hewa safi, kasi ndogo mijini. Tumia rangi za maji zilizotengenezwa kwa ajili ya ngozi. Rangi ya ukutani na rangi ya akriliki ya wachoraji si za mwili, hata kama kopo limeandikwa kwamba hazina sumu. Jaribu rangi kwenye mkono kwa ndani siku moja kabla, ukiwashwa, iache. Krimu ya jua hutangulia, isubiri inyonywe na ngozi, ndipo rangi. Rangi peke yake haikingi jua. Acha viganja na makalio bila rangi, au ukubali kwamba tandiko na usukani vitabadilika sura. Maneno yaandikwe makubwa na machache. Mtu aliye kando ya barabara ana sekunde chache tu za kusoma.

Utakachovaa hata kama umevua

Viatu vilivyofungwa mbele, vyenye soli inayoshika pedali. Katika jambo hili sikubali mjadala: barabara za jiji zina vioo, na msafara husimama mara nyingi ukatua mguu pasipo kuangalia. Kandambili hunaswa kwenye pedali. Kofia ya usalama nayo, hata kama sheria ya mahali haikulazimishi. Ipambe maua, ipake rangi, ivishe manyoya, ila ivae. Miwani hukinga wadudu na vumbi, na kwa wengine husaidia uso usitambulike. Vazi lolote linalopepea nyuma, kama kitambaa kirefu au mabawa ya mapambo, likatwe liishie kiunoni, kwa sababu likiingia kwenye spoki litakuangusha ghafla.

Mfuko hauna budi kuwapo, na mahali pake ni kwenye fremu, mbele ya usukani au kwenye karia. Begi la mgongoni litakufunika bango lako na kukutoa jasho. Ndani yake weka nguo kamili za kuvaa mwishoni zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, taulo, maji ya kutosha, krimu ya jua, tyubu ya akiba na vifaa vya pancha, kufuli, kitambulisho, fedha kidogo na simu. Ongeza shati jepesi lililo juu kabisa, mahali unapoweza kulifikia kwa mkono mmoja. Wengi wasioona haya ya kuvua husahau kwamba jua likizama upepo wa baiskeli hupenya, na mtu anayetetemeka hawezi kushika breki vizuri. Shati hilo hilo ndilo utakalolihitaji ukilazimika kutoka kwenye njia.

Kukusanyika

Fika umevaa. Treni, basi na mitaa ya kuelekea uwanjani haviko ndani ya makubaliano ya msafara, na abiria mwenzako hakuchagua kushiriki. Fika saa nzima mapema, uende na rafiki ukiweza, mkubaliane mahali pa kukutana ikiwa mtapoteana, maana simu huzidiwa penye watu wengi. Sikiliza maelezo ya waongozaji hadi mwisho. Jua wamevaa nini au wamebeba alama gani, kwa kuwa wao ndio utakaowakimbilia likitokea lolote.

Ukivua, vua kwa mwendo wako. Wengine huona nafuu kuanza na rangi kwanza, kisha nguo, kwa sababu rangi hutoa hisia ya kuvaa kitu. Nasikia wanaume wengi wakihofia mwili usije ukajibu wenyewe mbele za watu. Ni nadra, kwa kuwa wasiwasi, baridi na kazi ya kuangalia njia havina mvuto wowote. Ikitokea, weka taulo mapajani, kaa hadi ipite, na usifanye jambo hilo kuwa kituko. Mtu anayekuja kwa ajili ya ashiki, au anayejishika, anaondolewa na waongozaji, na anastahili kuondolewa.

Njiani

Waongozaji wa msafara huziba makutano: wawili watatu husimama na baiskeli zao mbele ya magari hadi kundi lote lipite, hata taa ikigeuka nyekundu. Kazi hiyo ni ya waliopangiwa. Usijitolee papo hapo, usibishane na dereva, usipige boneti ya gari. Dereva aliyesimamishwa dakika ishirini ana haki ya kuchoka, na asante ya mkono iliyotolewa kwa adabu inafanya kazi kubwa kwa dai letu. Kundi lisiachane, kwa maana pengo likitokea, gari huingia katikati, na gari lililokwama ndani ya watu wasio na nguo ni hatari kwa pande zote.

Shika mstari wako. Usihame kulia au kushoto bila kutazama begani na kutoa ishara. Ukitaka kusimama, inua mkono, sema kwa sauti, sogea pembeni polepole. Shimo, reli ya tramu (treni ya barabarani) au chupa iliyovunjika: ionyeshe kwa kidole na uwapigie kelele walio nyuma. Reli ikatishwe kwa pembe karibu ya mraba. Tairi jembamba likiingia kwenye mfereji wa reli, hakuna ufundi utakaokuokoa. Mteremkoni ongeza nafasi mbele yako mara mbili, kwa kuwa hapo ndipo watu hupata kasi wasiyoitarajia.

Ukianguka, jiviringishe kuelekea pembeni ikiwezekana, kisha baki chini hadi ujue umeumia wapi. Mchubuko wa lami usafishwe kwa maji mengi mapema ili changarawe zitoke, halafu ufunikwe kwa kitambaa safi. Pancha je? Toka nje ya kundi upande wa ukingo, vaa shati na kaptura, ndipo utengeneze. Kama msafara umekupita, usiukimbize ukiwa uchi peke yako. Vaa, fuata njia, na ujiunge upya ukiufikia.

Kamera

Katika miji mingi barabara ni mahali pa umma na mpita njia anaweza kupiga picha. Chukulia kwamba utapigwa, na kwamba picha hiyo itadumu intaneti. Fanya uamuzi huo nyumbani, bila mtu wa kukusukuma. Ikiwa kazi yako au familia yako itapata tatizo, funika uso kwa miwani mikubwa na rangi, ficha chale na alama za mwili, na uvue kidogo zaidi kuliko ulivyopanga. Hakuna aibu katika hilo.

Ndani ya kundi kanuni ni kali zaidi na ninaitetea kwa moyo wote: omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, kila mara, na ukikataliwa usiulize kwa nini. Kuvua nguo hakumpi mtu mwingine kibali cha kugusa, kupiga picha wala kutoa maoni juu ya umbo. Ukimwona mtu anamfuata mwanamke mmoja kwa kamera njia nzima, sogeza baiskeli yako katikati yao na umwite mwongozaji. Usisubiri yeye alalamike.

Ukifika

Vaa papo hapo mahali msafara unapoishia. Ruhusa huisha pale, na mtu aliyelewa furaha akaendelea uchi hadi dukani ndiye anayewapa polisi sababu ya kuukataa msafara wa mwaka unaofuata. Kunywa maji, kula, na uangalie ngozi: wekundu unaouma hupozwa kwa maji baridi na losheni laini isiyo na manukato. Rangi hutoka vizuri zaidi ukianza kwa mafuta mepesi, kisha sabuni na maji ya uvuguvugu. Kusugua kwa nguvu ngozi iliyopigwa na jua kutaichubua.

Kifuniko cha tandiko kifuliwe usiku huohuo. Asubuhi futa usukani na ukague diski za breki. Zikionyesha mafuta au zikipiga kelele, zisafishe kwa spiriti na kitambaa safi, kisha jaribu breki zote mbili mahali tulivu kabla ya kuipeleka baiskeli kazini.